Mtu Aliyejifunza Kuusoma Mlima wa Moto

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ana daftari lake na kalamu yake, na taa imewashwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: MLIMA, DALILI, DAFTARI. Tutayahitaji leo.

Somo letu ni habari za mtu mmoja aliyekuwa bingwa wa elimu ya milima ya moto. Jina lake Thomas Jaggar. Nitaeleza kwa maneno mepesi, maana nataka mkirudi nyumbani muweze kuwasimulia watoto wenu. Mtoto akikuuliza, “Baba, kwa nini mlima hutoa moto?” usimwambie, “Nenda kalale.” Mjibu. Na baada ya somo hili utaweza kumjibu.

Basi tuanze na swali hilo la mtoto. Mlima wa moto, au volkano, ni kitu gani?

Chini ya miguu yetu, mbali sana, mbali kuliko kisima cho chote kilichopata kuchimbwa, kuna joto kali. Mahali pengine joto hilo huyeyusha mawe, yakawa kama uji mzito. Ndani ya uji huo mna mvuke na hewa za namna nyingi. Mama apikaye uji anajua jambo hili: ukifunika chungu na moto ni mkali, mvuke husukuma kifuniko, na uji humwagika juu ya mafiga. Ndivyo ulivyo mlima wa moto. Uji wa mawe hupanda kutoka chini, hutafuta ufa, na mwisho hutokea juu. Ukiisha kutoka nje huitwa lava. Lava ikipoa huwa jiwe tena.

Pengine lava hutoka polepole na kutiririka kama uji uliomwagika. Pengine mvuke uliofungwa hupasuka kwa kishindo, na mlima hurusha mawe na majivu mbali sana. Milima hii si yote yenye tabia moja. Huku kwetu, Kilimanjaro na Meru ni milima ya moto iliyotulia, na wakulima wa Moshi na Arusha hulima katika udongo wake mzuri. Lakini Oldoinyo Lengai, ambao kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu, haujatulia. Mwaka 2007 ulirusha majivu juu sana.

Sasa mmeelewa mlima wa moto ni nini. Tuendelee na habari za mtu wetu.

Thomas Jaggar alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Philadelphia, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa askofu. Kijana huyu alipenda mambo ya mawe na ardhi, akasoma elimu hiyo katika chuo kikuu cha Harvard, na alipohitimu akawa mwalimu pale pale. Alikuwa na chumba cha kufanyia majaribio. Humo alichukua mchanga na maji, akajaribu kuiga kwa udogo kazi ambayo mito hufanya kwa ukubwa. Ilikuwa kazi nzuri, ya mtu aliyekaa salama chumbani.

Kisha ikaja habari iliyobadili maisha yake.

Katika bahari upande wa mashariki wa Amerika ya Kati kuna kisiwa kiitwacho Martinique, kilicho chini ya Ufaransa. Huko kulikuwa na mji mzuri wa bandari, Saint-Pierre, na juu ya mji ulisimama mlima uitwao Pelée. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1902 mlima huo ulianza kuonyesha dalili. Ulitoa moshi. Majivu yakaanguka mitaani. Harufu ya kibiriti ikajaa hewani. Tarehe 5 Mei matope ya moto yaliteremka mlimani yakafukia kiwanda cha sukari pamoja na watu waliokuwamo.

Watu wa mji waliona dalili hizo kwa macho yao. Baadhi yao waliondoka. Wengi walikaa. Na watu wengine wa mashamba wakaingia mjini, wakidhani kwamba mjini ndiko kwenye usalama. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuusoma mlima ule siku baada ya siku na kuwaambia wenzake, “Jana ulikuwa hivi, leo uko hivi, basi tuondoke.”

Tarehe 8 Mei 1902, yapata saa mbili asubuhi, mlima ukapasuka. Lava haikutiririka. Lilitoka wingu zito la hewa ya moto, majivu na mawe yaliyosagika, likateremka ubavuni mwa mlima kwa mbio kubwa, likaufunika mji. Kwa dakika chache tu watu kama 28,000 walikufa. Waliopona katika mji ule waliweza kuhesabiwa kwa vidole. Mmoja wao alikuwa mfungwa aliyekuwa katika chumba cha gereza chenye kuta nene.

Jaggar alikuwa miongoni mwa wataalamu waliopelekwa huko na serikali ya Marekani kwa meli ya kivita. Walifika kama majuma mawili baadaye. Alitembea katika mji ulioteketea. Siku moja tu kabla ya tarehe 8 watu walikuwa wakiuza na kununua humo. Sasa palikuwa na kuta zilizobomoka na majivu.

Ndugu zangu, mtu huyu alikuwa na elimu nyingi. Lakini aliona wazi kwamba elimu yake ilikuwa imechelewa. Wataalamu walifika baada ya mlima kufanya kazi yake. Waliokota mawe, wakapiga picha, wakaandika vitabu, lakini hakuna kitabu kinachomfufua maiti. Ni kama mganga anayefika baada ya mazishi, akaanza kuuliza marehemu alikuwa akiumwa nini.

Wazo hilo lilimkaa moyoni. Kisha mwishoni mwa mwaka 1908 tetemeko kubwa la ardhi likaupiga mji wa Messina, nchi ya Italia, likaua watu zaidi ya 70,000. Jaggar akakata shauri. Alisema kwamba haitoshi kuzuru mlima wa moto kama mgeni. Mtu hana budi kujenga nyumba karibu nao, kukaa nao miaka mingi, katika siku za utulivu na siku za ghadhabu, na kuandika kila jambo.

Hebu tupumzike kidogo. Mwalimu, waulize wanafunzi: kwa nini Jaggar aliona kwamba kufika baada ya maafa hakutoshi? Kila mtu ajibu kwa maneno yake mwenyewe.

(Hapa darasa linyamaze redio kwa muda mfupi na kujadiliana.)

Haya, tuendelee. Jaggar alitafuta mlima wa kukaa nao. Mwaka 1909 alisafiri mpaka visiwa vya Hawaii na Japani. Wajapani walikuwa wamekwisha kuendelea sana katika elimu ya matetemeko, naye alijifunza mengi kwao. Lakini mlima alioupenda ulikuwa Kilauea, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Juu ya mlima huo palikuwa na shimo kubwa, na katika shimo hilo ziwa la lava lililokuwa likichemka mchana na usiku. Wenyeji wa Hawaii tangu zamani walisema ni makao ya Pele, mungu wao wa kike wa moto. Lava ya Kilauea mara nyingi hutiririka bila kupasuka kwa kishindo, kwa hiyo mtu aliweza kukaa karibu na kuangalia.

Wafanya biashara wa Hawaii walichanga fedha, na chuo alichokuwa akifundisha kikatoa fungu lake. Mwaka 1912 kazi ikaanza kwenye ukingo wa shimo lile. Jambo la kwanza lilikuwa kuchimba chumba chini ya ardhi kwa ajili ya vyombo vya kupimia. Waliochimba walikuwa wafungwa. Walichimba majivu ya zamani mpaka wakafikia mwamba mgumu. Ndipo vyombo vikawekwa juu ya mwamba ule.

Pengine mtauliza, vyombo hivyo vilikuwa vya namna gani? Kile kilicho muhimu huitwa seismografu, yaani chombo cha kuandika matetemeko. Nitaeleza jinsi kinavyofanya kazi. Funga jiwe zito kwenye kamba, ulitundike kwenye boriti. Sasa mtu aitikise nyumba kidogo kwa ghafula. Nyumba itatikisika, lakini jiwe, kwa uzito wake, litachelewa kufuata. Kama jiwe lina sindano, na chini ya sindano kuna karatasi iliyopakwa masizi, basi nyumba ikitikisika sindano itachora mstari wa kupinda-pinda katika masizi. Ardhi ikitulia, mstari huwa umenyoka. Ardhi ikitetemeka, mstari hupanda na kushuka. Karatasi ile huzungushwa polepole pamoja na saa, hata ukiitazama asubuhi utajua ardhi ilitetemeka saa ngapi ya usiku, na kwa nguvu gani, ingawa wewe ulikuwa umelala na hukusikia neno.

Mnaona, ndugu zangu? Kwa chombo hicho mlima huandika habari zake wenyewe. Kazi ya mtu ni kujifunza kusoma mwandiko wake. Jaggar alikuwa bwana mkubwa, mwalimu wa chuo kikuu, lakini mbele ya karatasi ile ya masizi alikuwa mwanafunzi kama ninyi. Mwanzoni mistari ile haikumwambia mengi. Alilazimika kuilinganisha: mlima ulipotetemeka hivi, baada ya siku kadhaa lava ilifanya nini? Baada ya miaka alianza kuelewa.

Aligundua vile vile kwamba mlima huvimba. Lava ikijikusanya chini, mlima huinuka kidogo sana, kama jipu linalotunga usaha. Lava ikitoka au ikirudi chini, mlima hunywea. Jicho la mtu haliwezi kuona uvimbe huo, lakini vyombo vile viliinama kidogo, na kuinama huko kuliandikwa. Basi dalili zilikuwa nyingi: matetemeko madogo-madogo, kuvimba, joto, harufu na rangi ya mvuke, na ziwa la lava kupanda au kushuka.

Jaggar hakukaa mezani tu. Mwaka 1917 yeye na wenzake waliteremka mpaka kwenye ziwa la lava lenyewe, wakaingiza mabomba marefu ya chuma ndani yake ili kupima kina na joto. Mkewe, Isabel, alikuwa msaidizi wake katika kazi hiyo ya mlimani miaka mingi. Na kila juma habari za mlima ziliandikwa na kupigwa chapa, hata kama habari yenyewe ilikuwa kwamba juma hili mlima umetulia. Maana habari ya utulivu nayo ni habari. Usipojua mlima huwaje siku za utulivu, utajuaje kwamba leo umebadilika? Ni kama mama amjuaye mtoto wake. Mgeni humwona mtoto amekaa kimya, husema, “Mtoto mpole.” Mama humtazama mara moja tu, akasema, “Huyu leo mgonjwa.”

Chama kilichosaidia kazi yake kilikuwa na maneno yake ya kilatini. Maana yake ni kwamba miji isimezwe tena wala isifukiwe tena. Mnafahamu maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka Saint-Pierre.

Sasa nawaomba msikilize vizuri, kwa sababu tumefika kwenye kiini cha somo. Kusoma dalili ni jambo moja. Kusikilizwa ni jambo jingine.

Tarehe 3 Februari 1923 sindano za Jaggar zilichora mistari mikubwa sana. Tetemeko hilo halikuwa la Hawaii. Lilitoka mbali mno, kando ya Kamchatka, nchi ya Urusi, ng'ambo ya bahari. Jaggar alijua jambo ambalo watu wengi hawakulijua. Chini ya bahari ikitikisika kwa nguvu, huondoka wajumbe wawili. Mjumbe wa kwanza ni mtikisiko upitao ndani ya ardhi. Huyo ni mwepesi mno, hufika kwa dakika chache. Mjumbe wa pili ni mawimbi makubwa ya bahari, ambayo siku hizi huitwa tsunami. Huyo naye ana mbio, lakini bahari ni pana, humchukua saa kadhaa kufika. Basi anayeweza kumsoma mjumbe wa kwanza anayo nafasi ya kujikinga na mjumbe wa pili.

Jaggar akampelekea habari mkuu wa bandari ya Hilo. Akamwonya kwamba mawimbi huenda yakaja. Maneno yake hayakutiliwa maanani. Bahari ilikuwa shwari, kazi ilikuwa nyingi, na nani angeacha kazi kwa sababu ya mistari kwenye karatasi? Saa kadhaa zikapita. Kisha mawimbi yakaja. Yaliharibu mali katika bandari, na mvuvi mmoja akafa.

Mtu mmoja tu, pengine mtasema. Ndiyo, mmoja. Lakini mvuvi yule alikuwa na nyumba yake kama mimi na wewe, na habari ambayo ingemwokoa ilikuwa imekwisha kufika mjini kabla ya mawimbi.

Miaka kumi ikapita. Mwezi wa Machi 1933 tetemeko kubwa likatokea kando ya Japani. Huko Japani mawimbi yaliua watu kama 3,000. Sindano za Kilauea ziliandika tetemeko hilo, na onyo likatolewa tena Hawaii. Safari hii watu walikumbuka mwaka 1923. Wenye mashua walizitoa bandarini wakazipeleka kwenye kina kirefu, mahali ambapo wimbi hilo hupita chini ya chombo bila kukivunja. Mizigo ikaondolewa gatini. Saa kadhaa baadaye mawimbi yakafika, yakapiga pwani. Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa Hawaii.

Bahari ilikuwa ile ile, na aliyeonya alikuwa yule yule. Tofauti ilikuwa kwamba mara ya pili watu walisikia.

Nisije nikawafanya mdhani kwamba Jaggar aliweza kila kitu. Mwishoni mwa mwaka 1935 mlima wa jirani, Mauna Loa, ulitoa lava iliyoelekea upande wa mji wa Hilo na chemchemi ya maji yake. Jaggar alishauri eropleni za jeshi ziangushe mabomu juu ya njia ya lava, ili itawanyike. Mabomu yakaangushwa tarehe 27 Desemba, na siku chache baadaye lava ikasimama. Yeye aliamini kwamba mabomu ndiyo yaliyoisimamisha. Wataalamu wengine walisema lava ilikuwa imekaribia kusimama yenyewe. Mpaka leo wengi wanaona hivyo. Kwa kawaida mtu hawezi kuuzuia mlima wa moto. Awezalo ni kujua mapema, akaondoka na watoto wake.

Jaggar aliacha kazi kwa sababu ya umri mwaka 1940. Miaka sita baadaye, tarehe 1 Aprili 1946, tetemeko likatokea kando ya Alaska. Safari hii onyo halikutoka. Asubuhi mawimbi yakafika Hawaii yakaua watu zaidi ya 150, na kati yao walimu na watoto wa shule moja iliyokuwa karibu na pwani. Baada ya msiba huo, mwaka 1949, ikaanzishwa ofisi maalumu ya kutoa onyo la mawimbi katika Pasifiki. Kazi aliyoianza mtu mmoja kwa sindano na masizi ikawa kazi ya serikali, yenye zamu ya usiku na mchana. Jaggar aliiona ikianza. Alikufa Honolulu mwaka 1953.

Kituo chake kipo mpaka leo. Mwaka 1918 watu wa huko walisoma mistari kwenye masizi. Mwaka 2018 wajukuu wao walisoma hesabu katika kompyuta, lakini kazi ni ile ile. Mwaka huo wa 2018 mlima Kilauea ulipasua ardhi katikati ya makazi ya watu, na lava ikateketeza nyumba zaidi ya 700. Kituo chenyewe kikatikiswa hata nyumba yake ikaharibika, wataalamu wakalazimika kuhama. Lakini walikuwa wameonya, na watu waliondoka. Nyumba zaidi ya 700 ziliteketea, na hakufa hata mtu mmoja. Linganisheni hesabu hiyo na ile ya Saint-Pierre.

Huku kwetu nako habari hii inatuhusu. Ndugu zetu wa Goma, katika nchi ya Kongo, ambao ni wasemaji wa Kiswahili kama sisi, wanaishi chini ya mlima Nyiragongo. Mlima huo umetoa lava mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Lava yake ni nyepesi, hukimbia. Mwaka 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia Ziwa Kivu. Goma wanacho kituo cha kuuangalia mlima, na wapo wataalamu wenyeji wanaofanya kazi ile ile ya Jaggar. Lakini jioni ya tarehe 22 Mei 2021 lava ilitoka bila onyo kutangulia, na watu wakakimbia gizani na watoto mgongoni. Kituo hakiwi kituo kwa sababu ya kibao mlangoni. Kinahitaji vyombo vizima, fedha, na mtu wa kukesha. Kukesha siku mia moja hakusaidii, kama siku ya mia na moja hakuna mtu.

Basi tumefika mwisho. Nini tujifunze kwa mtu huyu?

Kwanza, kuona hakutoshi. Watu wa Saint-Pierre waliona moshi na majivu. Lakini aliyeona bila kuandika hawezi kulinganisha leo na jana. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa tunaona kwamba si mali tu. Hata maisha ya watu hupotea.

Pili, huhitaji mlima wa moto ili kufanya kazi hii. Kama kijiji chako kiko karibu na mto, chagua jiwe kubwa kando yake, lipige alama. Kila asubuhi mtu mmoja atazame maji yamefika wapi, aandike tarehe na kipimo. Baada ya masika mawili au matatu, daftari hilo litawaambia siku gani ya kuhamisha watoto na mbuzi kabla ya mafuriko. Miongoni mwenu wapo ambao mwaka uliopita hawakujua kuandika tarehe. Leo mnajua. Kazi hiyo mnaiweza.

Tatu, mtu akija na habari iliyoandikwa, msimcheke. Mwulizeni ameionaje, mwone daftari lake, kisha mkate shauri. Mkuu wa bandari alikuwa na kazi nyingi siku ile. Sisi sote tuna kazi nyingi.

Jioni ya leo mtoto akikuuliza kwa nini mlima hutoa moto, mwambie habari za chungu cha uji. Kisha mwambie kwamba alikuwako mtu aliyekwenda kukaa kando ya chungu hicho, ili awaambie wenzake kabla hakijamwagika.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Tutakutana tena juma lijalo, Mungu akipenda.

Maneno ya kuandika katika daftari

Dalili: jambo linaloonyesha kwamba jambo jingine linakuja. Wingu jeusi ni dalili ya mvua.
Lava: mawe yaliyoyeyuka yakatoka nje ya ardhi.
Seismografu: chombo cha kuandika matetemeko ya ardhi.
Onyo: habari ya kumtahadharisha mtu kabla ya hatari.
Masizi: weusi wa moshi unaoganda chini ya chungu.

Maswali ya kujadiliana

1. Watu wa Saint-Pierre waliona dalili gani kabla ya tarehe 8 Mei 1902?
2. Kwa nini Jaggar aliandika habari za mlima hata majuma ambayo ulikuwa umetulia?
3. Mwaka 1923 na mwaka 1933 onyo lilitolewa Hawaii. Kwa nini matokeo hayakuwa sawa?
4. Katika kijiji chetu kuna hatari gani inayotanguliwa na dalili? Nani aandike dalili hizo, na katika daftari gani?

Kazi ya nyumbani

Kila mwanafunzi aandike kwa siku saba mfululizo: tarehe, hali ya mvua au jua, na jambo moja alilolitazama kila siku mahali pale pale. Alete daftari lake darasani juma lijalo, alisome mbele ya wenzake.